Mchagua jembe si mkulima? Kurekebisha gitaa la umeme katika joto la Garissa

Wasomaji wangu, leo tuweke kompyuta pembeni kidogo. Si kwamba nimechoka na programu, la hasha! Ni kwamba jioni zangu za majuma kadhaa yaliyopita zimekwenda kwenye kifaa kingine kabisa, gitaa la umeme, na nimekuta humo mambo ambayo wengi wenu mtayatambua mara moja hata kama hamjawahi kushika gitaa maishani.

Kuna methali tuliyofundishwa shuleni: mchagua jembe si mkulima. Maana yake mnaijua. Mwenye kujua kazi halalamikii kifaa. Naiheshimu methali hii kama ninavyowaheshimu wazee walioitunga, lakini leo naomba niipinge, kwa sababu nimeona kijana akikaribia kuacha muziki kwa kuiamini.

Kijana huyo ni wa mtaani kwetu hapa Garissa. Alianza na kaban, ndilo jina la Kisomali la udi, aliyofundishwa na babu yake. Baadaye akanunua Nairobi gitaa la umeme la mtumba, nakala ya Stratocaster iliyotengenezwa Asia. Akajaribu kupiga na wenzake huko, wakamwambia kwamba ana vidole vizito na sikio lake halijatulia. Akarudi nyumbani, akaliegemeza gitaa ukutani. "Abti," akaniambia (yaani mjomba, ndivyo anavyoniita), "vidole vyangu vimezoea kaban. Hili nitaliuza."

Nikamwomba aniachie usiku mmoja kabla hajaliuza.

Kwa nini habari hii ni ya huku kwetu

Pengine mtauliza, gitaa la umeme na Garissa vinahusiana wapi? Harusi nyingi za huku siku hizi ni mtu mmoja na kinanda cha umeme, na wapo wazee wasiopenda ala za muziki kabisa. Lakini gitaa si mgeni kwa Wasomali. Miaka ya 1970 na 1980, Mogadishu ilijaa bendi za magitaa: Dur-Dur, Iftin na nyingine nyingi. Iftin maana yake ni mwanga, na sisi Garissa tuna mtaa mzima uitwao Bulla Iftin. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilikusanya rekodi za zamani za Wasomali katika albamu iitwayo Sweet as Broken Dates, na watu wa Ulaya na Marekani wakashangaa kusikia magitaa yale. Hapa hapa Garissa tuna Gargar, kundi la akina mama waliorekodi na Ketebul Music ya Nairobi albamu waliyoiita Garissa Express. Kwa hiyo kijana anayetaka kutia nyimbo za babu yake kwenye nyuzi za umeme hajapotea njia. Anarudi kwenye njia iliyokuwepo.

Tatizo ni fundi. Fundi wa magitaa ninayemjua yuko Nairobi, kiasi cha kilomita 370 kwa basi kupitia Mwingi. Tena gitaa likirekebishwa Nairobi, kwenye ubaridi na mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, halafu likashushwa hadi hapa kwenye mita 150 hivi na joto la digrii 35, halifiki likiwa lile lile. Nitalieleza hilo chini.

Istilahi kidogo

Ili tuelewane: shingo ni ule mti mrefu. Freti ni vile vipande vya chuma vilivyopigiliwa kwa upana wa shingo. Daraja (silo lile la mto Tana!) ni pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, na kila uzi umekalia kipande kidogo nitakachokiita tandiko. Kimo cha nyuzi ni umbali kati ya uzi na freti. Halafu kuna pikapu. Hapa Garissa ukitaja pikapu watu wanatazama barabarani kuona kama miraa imefika, lakini pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unabadilika, na umeme kidogo unazaliwa kwenye waya. Ni kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, ile ile iliyoendesha jenereta za dizeli zilizokuwa zikiuangaza mji huu kabla ya gridi ya taifa kufika.

Kitu kimoja kinachonifurahisha kama mwandika programu: Leo Fender, aliyeanzisha Stratocaster mwaka 1954 kule California, alikuwa fundi wa redio na hakujua kupiga gitaa. Ndiyo maana karibu kila kitu kwenye gitaa lake kimefungwa kwa skrubu na kinarekebishika. Kila tandiko lina skrubu zake, kila pikapu ina skrubu zake, shingo ina fimbo ya chuma ndani inayokazwa na kulegezwa. Ni kama programu iliyokuachia faili lote la mipangilio wazi.

Kupima kabla ya kugusa

Nilipolichukua gitaa lile sikukaza wala kulegeza kitu. Nilipima kwanza. Vifaa vyangu: rula ya chuma yenye nusu milimita, bisibisi, spana ndogo za pembe sita, programu ya kupima sauti kwenye simu, na fila geji. Fila geji ni zile bamba nyembamba ambazo makanika hupimia mwanya wa valvu, na karakana karibu zote za hapa mjini zinazo. Mimi niliazima ya jirani.

Matokeo yalikuwa haya. Shingo ilikuwa imepinda mbele kiasi cha milimita 0.6. Kimo cha uzi mnene kwenye freti ya 17 kilikuwa milimita 3. Pikapu ya karibu na shingo ilikuwa imepandishwa hadi milimita 1 tu kutoka kwenye uzi huo.

Sasa linganisheni na vipimo ambavyo Fender wenyewe wanavitoa kwa gitaa la aina hii: upindo wa shingo takriban milimita 0.25, kimo milimita 1.6 kwenye freti ya 17, na pikapu za kawaida milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyuzi nyembamba, huku uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho. Kimo cha gitaa la kijana kilikuwa karibu maradufu!

Na uzi ulio juu hivyo una madhara mawili. La kwanza ni nguvu: lazima ubane kwa bidii, na mkono unachoka baada ya wimbo mmoja. La pili ni baya zaidi. Unapousukuma uzi mbali ili ufike kwenye freti, unauvuta, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Kwa hiyo kila noti anayobana inatoka juu ya pale inapotakiwa, na kadiri uzi ulivyo juu ndivyo kosa linavyokua. Hapo ndipo kijana alipoambiwa ana vidole vizito na sikio lisilotulia. Sikio lake lilikuwa sawa kabisa! Kaban haina freti, kidole chenyewe kinatafuta sauti, kwa hiyo sikio lake limezoea kusahihisha. Gitaa likamnyima nafasi ya kusahihisha, kisha likamlaumu.

Mpangilio wa kazi

Kinachowachanganya wengi ni kwamba vipimo hivi vinategemeana. Ukigusa shingo, kimo kinabadilika. Ukigusa kimo, umbali wa pikapu unabadilika. Ukigusa pikapu, hata usahihi wa sauti unaweza kubadilika. Ni kama maktaba za programu zinazotegemeana: ukianza na ya juu kabla ya ya chini, utarudia kazi mpaka alfajiri. Mpangilio ni huu:

1. Nyuzi mpya na kulinganisha sauti.
2. Shingo.
3. Kimo.
4. Pikapu.
5. Urefu wa kila uzi darajani.

*Nyuzi.* Seti nyembamba ya kawaida, yenye nyuzi za inchi 0.009 hadi 0.042, inavuta shingo kwa jumla ya kilo 38 hivi. Mvuto huo ni sehemu ya mashine, kwa hiyo usipime kitu nyuzi zikiwa zimelegea. Funga nyuzi za unene utakaotumia kila siku, zilinganishe, ziache zitulie.

*Shingo.* Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha ingiza fila geji kati ya uzi na freti ya 8. Fimbo ya ndani inageuzwa robo mzunguko tu kwa mara moja, halafu unasubiri. Mti hauna haraka. Hili nililifanya kwa jioni tatu, robo moja kila jioni, hadi nikafika 0.25. Ukihisi fimbo imekuwa ngumu kugeuka, acha. Fimbo ikikatika ndani ya shingo, hapo kweli utapanda basi la Nairobi.

*Kimo.* Hapa kuna hesabu ndogo tamu. Freti ya 17 iko takriban asilimia 62.5 ya urefu wa uzi kutoka kichwani, kwa hiyo ukishusha tandiko kwa milimita 1, kimo kwenye freti hiyo kinashuka kwa milimita 0.63 hivi. Skrubu za matandiko ya gitaa hili zinasogea nusu milimita kwa kila mzunguko. Basi kila mzunguko ni kama milimita 0.3 kwenye freti ya 17. Kukaza shingo kulishakishusha kimo kutoka 3 hadi 2.6, na hapo nikajua kwamba ili nifike 1.6 nahitaji mizunguko mitatu na kidogo. Ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna kubahatisha.

Lakini nilipomrudishia kijana ajaribu, kikatokea kitu ambacho vipimo vya kiwanda havikukitaja. Yeye huvuta uzi pembeni sana, anaisukuma noti na kuirudisha, kwa sababu anatafuta kwenye gitaa yale aliyoyafanya kwenye kaban. Ubao wa freti wa gitaa hili una mviringo kidogo kama mgongo wa samaki. Uzi ukiusukuma kutoka pembeni kuelekea kwenye kilele cha mgongo huo, unazikaribia freti za mbele yake, na kimo kikiwa chini mno unazigusa na sauti inakufa ghafla. Mpigaji mwingine asingeligundua hilo kamwe. Kwake lilikuwa kwenye kila mstari wa wimbo.

Tukapandisha nyuzi tatu nyembamba kwa mzunguko mmoja, zikafika 1.9. Sauti ikaacha kufa. Namba ya kiwanda ni mahali pa kuanzia, si amri. Imewekwa kwa ajili ya mpigaji wa wastani, na huyo mpigaji wa wastani haishi Bulla Iftin.

*Pikapu.* Mwenye gitaa wa kwanza alizipandisha pikapu ili apate sauti kubwa, nadhani. Ni kweli, pikapu ikiusogelea uzi sauti inaongezeka. Lakini ile ni sumaku, na uzi ni chuma. Ikikaribia mno inauvuta uzi na kuuzuia usitikisike inavyostahili. Utasikia noti za juu kwenye uzi mnene zikiwa na mawimbi, kama vile noti mbili zinagombana, na hazidumu. Kwenye programu ya kupima sauti, mshale unachezacheza bila kutulia. Nikashusha pikapu ya shingo hadi milimita 2.4 upande mnene na 2 upande mwembamba, na mshale ukasimama. Pikapu ya karibu na daraja niliiacha juu kidogo kuliko hiyo, kwa sababu karibu na daraja uzi hautikisiki sana, na nilitaka sauti isishuke unapohama kutoka moja kwenda nyingine.

Ndiyo maana pikapu zinatangulia hatua ya tano. Ukisahihisha sauti huku sumaku ikiuvuta uzi, unasahihisha kosa la kitu kingine.

Na ule mngurumo? Pikapu za aina hii zenye koili moja zinadaka pia mngurumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50, na hapa kwetu zinadaka kelele za inverta za sola za bei nafuu. Kuipandisha pikapu hakuuondoi. Kaa mbali na inverta na chaja, jigeuze upande mwingine uone mngurumo unapungua wapi, na hakikisha waya wa ardhi wa soketi unafanya kazi. Hili la mwisho mwite fundi umeme, usilichezee.

*Darajani.* Sasa piga uzi mtupu, kisha ubane kwenye freti ya 12. Noti hizo mbili zinatakiwa ziwe moja, ya pili ikiwa juu kwa oktava. Ikiwa ya freti iko juu zaidi, rudisha tandiko nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Nyuzi sita, dakika ishirini, kikombe cha chai ya maziwa.

Joto

Sasa nirudi kwenye jambo la Nairobi na Garissa. Chuma kikipata joto hurefuka. Nilikaa nikapiga hesabu kwa ule uzi mwembamba kuliko wote: joto likipanda kwa digrii 15, na tukijifanya kwamba shingo haikurefuka hata kidogo, sauti ya uzi inashuka kwa kama senti 22. Senti ni vipande ambavyo wanamuziki hugawia nusu-toni, mia kwa moja. Basi ni zaidi ya moja ya tano ya nusu-toni, na sikio lolote zuri litaisikia. Shingo nayo hurefuka kidogo, kwa hiyo kiasi halisi ni pungufu, lakini mnaona picha. Gitaa lililolinganishwa chini ya feni, likabebwa hadi kwenye hema la harusi saa nane mchana, si gitaa lile lile. Lilinganishe pale pale utakapopigia, baada ya robo saa.

Unyevu ni taratibu zaidi lakini unafika mbali zaidi. Mti hunyonya maji na kuyaachia. Garissa ni kukavu sehemu kubwa ya mwaka, ubao wa freti husinyaa, na ncha za freti zinaweza kuchomoza pembeni na kukukwaruza mkono. Kisha mvua zinakuja. Wakati wa mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023, Tana ulipofurika na barabara ya kuja huku ikakatika, gitaa langu mwenyewe lilibadilika upindo wa shingo kwa karibu milimita 0.1 katika mwezi mmoja. Nisingelijua kama nisingekuwa na daftari. Kila nikilirekebisha naandika tarehe, hali ya hewa na vipimo vyote, kama vile tunavyoandika historia ya mabadiliko ya programu. Kijana nilimpa daftari lake, na ukurasa wa kwanza nilimwandikia mimi. Atapima tena mvua zikianza.

Tuirudie ile methali

Sisi wenye kazi ya programu tunalijua jibu moja la kuudhi: "mbona kwenye mashine yangu inafanya kazi?" Gitaa lile huenda lilifanya kazi siku moja, mahali pengine, mikononi mwa mtu mwingine. Kisha likasafiri, likapigwa na joto, likapita mikono miwili mitatu, na aliyekutana nalo mwisho ndiye aliyebebeshwa lawama.

Nimeona jambo hili hili kwa vijana wa mkoa huu wanaojifunza kompyuta. Mmoja ana kipakatalishi chenye betri iliyokufa na diski inayosaga, programu inachukua dakika tatu kufunguka, naye anahitimisha kwamba akili yake ni nzito. Huwezi kuujua uzito wa akili au wa kidole mpaka umekipima kifaa.

Mkulima wa kweli hachagui jembe, sawa. Lakini mkulima huyo huyo hulinoa jembe lake, hulikaza mpini ukilegea, na hatalisha lawama mwili wake kwa sababu jembe ni butu. Kijana wetu sasa anapiga saa nzima bila kusimama. Bado hajawa mpigaji mkubwa, na noti zake nyingine zinakosea, lakini sasa makosa ni yake mwenyewe na anaweza kuyafanyia kazi. Hajauza gitaa.

Kama nawe una gitaa lililolala juu ya kabati kwa sababu ulijiona huna kipaji, azima fila geji kwa makanika wa mtaani, tafuta rula ya chuma, na upime kabla hujagusa skrubu hata moja. Andika namba. Ukikuta milimita 3 kwenye freti ya 17, ujue la kufanya.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye programu. Mungu akitujalia.